Mama Mkwe Kwenye Gari la Mtihani

Mlioniacha wiki jana nimejifungia chooni kazini na kitabu cha alama za barabarani, huku mkubwa wangu akigonga mlango, tulieni. Nilitoka. Nilivuta maji kwa kishindo, nikakisukumia kitabu kifuani ndani ya gauni, nikapita mbele yake natembea kama mtu aliyevunjika mbavu. Akanipisha njia na kunipa pole.

Kwa wageni wa ukurasa huu, nawapa kwa kifupi halafu turudi kwenye balaa.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, katika nchi ambayo si ya kwetu. Lugha yao naijua kiasi cha kuomba chumvi na kugombania zamu. Sasa dereva wa gari letu la mashuka amestaafu, na mkubwa wangu akaniambia mbele ya wenzangu, "Niletee leseni kabla ya Ijumaa kwisha, gari ni lako. Usipoleta, nampa mtu mwingine."

Mnaelewa maana yake? Kuendesha gari la mashuka ni kukaa. Ni kufungua dirisha na kupigwa na upepo. Mimi tangu nifike nchi hii napigwa na mvuke.

Tatizo lilikuwa mume wangu. Mtaa mzima unamwita Kapteni, kwa jinsi anavyokaa kwenye usukani, kifua mbele, kofia kichwani, utadhani lile gari lina mabawa. Siku niliyomwomba anifundishe, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mke wangu, nyumba moja madereva wawili? Si tutagombania funguo mpaka majirani waje kuamua! Mimi niliyeendesha malori kwetu, huku kwa watu naendesha kwa adabu. Wewe niachie mimi. Kwani si nakupeleka unakotaka?"

Ananipeleka, sikatai. Ila kwanza tunapitia anakotaka yeye.

Basi nikajiandikisha chuo cha udereva kimyakimya. Nyumbani nikaaga kwamba nakwenda darasa la cherehani. Kapteni akafurahi kupita kiasi, na baada ya muda akadai aone kazi ya mikono yangu. Nikanunua pazia dukani, nikang'oa lebo, nikafumua pindo moja na kulishona upya vibaya ili lifanane na kazi ya mwanafunzi. Akalitundika sebuleni mwenyewe. Kila mgeni akija, analishikashika na kusema, "Hii ni kazi ya mke wangu."

Kuna dada mmoja amenitumia ujumbe kwamba mwanamke anayemficha mumewe jambo kama hili atakiona cha moto. Dada yangu, vuta kiti.

Ijumaa ikafika.

Asubuhi hiyo Kapteni aliondoka mapema kuliko kawaida yake. Alivaa shati lake la harusini, akajipulizia manukato mpaka nikapiga chafya. Yeye ni mlinzi wa ghala, na ghala halijawahi kudai manukato.

"Kulikoni?" nikamuuliza.

"Leo kuna wakubwa wanakuja kukagua," akajibu bila kunitazama, akachukua funguo za gari na kutoka.

Sikumchimba zaidi, maana na mimi nilitaka apotee upesi nijiandae. Mama mkwe, tunayeishi naye tangu alipokuja kutusalimia akasahau kurudi, alikuwa kitandani.

"Mama, nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu, mkaza mwana. Goti hili leo limeniweza. Sitoki hata mlangoni."

Nikamfunika miguu, nikatoka nikiwa nimejawa na huruma.

Nje ya ofisi za mtihani alikuwa ananisubiri mwalimu wangu. Ni mtu wa lugha yetu, mwenye upara na subira, na mimi nimembandika jina la Taratibu kwa sababu ndilo neno lake la asubuhi na la jioni. Alikuwa anafuta vumbi kwenye gari la chuo, lile lenye kibao juu ya paa.

"Mama, sikiliza," akaniambia. "Leo umepangiwa Nyundo. Mtahini huyo hana mchezo. Usimtanie. Usimpe pipi. Na ule ugonjwa wako, nakuomba sana, uuache hapa kwangu."

Ugonjwa wangu ni huu: nikimwona mtu wa kwetu kando ya barabara, mguu wangu unakwenda kwenye breki wenyewe. Nifanyeje? Nimelelewa hivyo. Mtu mzima umpite unamrushia vumbi, hata shikamoo humpi? Kwenye mafunzo nilishawahi kusimamisha msururu wa magari ili kumuuliza mzee mmoja hali ya mkewe, na nilikuwa nimeshafika kwenye habari za wajukuu Mwalimu Taratibu alipotokwa na machozi.

"Leo humfahamu mtu yeyote," akanisisitizia. "Hata akitokea marehemu mama yako, pita."

"Nitapita, mwalimu."

"Niapie."

Nikaapa. Akaenda kukaa ndani kwenye ukumbi wa kusubiri, akitikisa kichwa.

Nyundo akaja. Mama mfupi, nywele kabana kwa nyuma mpaka nyusi zimepanda, tableti mkononi. Aliingia, akafunga mkanda, akageuza shingo taratibu huku amekunja uso.

"Endesha," akasema.

Wapendwa, niliendesha! Sijui ni nani aliyenishika mikono siku ile. Taa nyekundu nikasimama, ya kijani nikaondoka. Nikatazama vioo vyote, hata ambavyo havikunihusu. Nyundo akawa anabonyeza tableti yake, na mimi moyoni nimeshavaa sare ya dereva, nimeshaweka kiwiko dirishani.

"Ingia mtaa wa maduka," akasema.

Nikaingia. Mbele kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, na kivukoni alikuwa anavuka mama mmoja mtu mzima, mtandio shingoni, mwavuli kwapani, mfuko wa plastiki katika kila mkono. Anatembea kwa mwendo wa kukata mitaa, hana goti wala nini.

Mnamjua. Na mimi nilimjua.

Sheria inasema mtu akiwa kivukoni usimame, na mimi nikasimama kwenye mstari, sawasawa kabisa. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba mama mkwe alifika katikati, akageuza shingo kutazama ni nani huyu mwenye adabu, akaniona.

"Mkaza mwana!" Sauti yake ilipita kioo kilichofungwa. "Ni wewe? Usiondoke! Hapo hapo!"

Nilikumbuka kiapo changu. Wallahi nilikikumbuka. Nikakaza macho mbele kama sanamu. Lakini mkono wangu wa salamu ukainuka wenyewe, na mdomo ukasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba!" akaitikia, na alipomaliza kuitikia alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kujitupa kitini, yeye, mwavuli na mifuko yake.

Nyundo akageuka nusu. Shingo haikumruhusu kugeuka yote.

"Nani huyu?" akauliza kwa lugha yao.

"Mama mkwe wangu."

"Mwambie ashuke."

Naomba niwaulize nyinyi mnaosoma hapa mkinywa chai. Nani kati yenu amewahi kumwambia mama mkwe ashuke garini? Mbele ya watu? Anayethubutu anyooshe mkono tumwone.

Nyuma yetu basi likaanza kupiga honi.

"Ondoa gari kwanza," Nyundo akasema. "Tafuta mahali salama, usimame, ashuke."

Nikaondoa gari. Mama mkwe akaleta kichwa katikati ya viti viwili.

"Enhe. Na huyu ni nani?"

Ningesema nini? Nikisema ni mtahini, jioni Kapteni anajua, na mimi na Kapteni tunalala kitanda kimoja. Uongo ukanitoka kwa lugha yetu kabla sijautafuta.

"Ni bosi wangu wa kazini, mama. Anaumwa. Namkimbiza hospitali."

"Masikini! Na gari?"

"La kazini."

"Lini umejua kuendesha?"

"Leo, mama. Shida imenifundisha."

Akamtazama Nyundo kwa huruma. "Nimeona. Uso wote umekunjamana. Pole, mwanangu, pole sana." Akampiga begani kwa upole.

Nyundo akashtuka. "Anasemaje?"

"Anakupa pole kwa usumbufu."

Nikapata mahali salama, nikawasha indiketa, nikaegesha vizuri kabisa.

"Sasa ashuke," Nyundo akasema.

Nikageuka nyuma, nimelainisha sauti. "Mama, je, tukikuacha hapa utaweza kufika nyumbani?"

"Nimwache mgonjwa?" Mama mkwe akatoa macho. "Mimi? Mimi niliyeuguza ukoo mzima, leo nimwache mwanamke mwenzangu anakwenda hospitali hana hata wa kumshika mkono? Endesha!"

"Anasemaje?"

"Anasema goti linamuuma, hawezi kutembea."

Nyundo akashusha pumzi ndefu. Akautazama mwavuli, akaitazama saa.

"Kanuni zinamruhusu mtahiniwa kuwa na mtu mmoja kiti cha nyuma," akasema kwa shida. "Afunge mkanda. Na asiseme neno."

Asiseme neno! Mama mkwe wangu!

"Mama," nikamwambia, "mgonjwa anaomba kimya. Kelele zinamchoma tumbo."

"Mwambie hatanisikia."

Tukaondoka. Kwenye pembe ya kwanza kulikuwa na alama ya kusimama, nikasimama.

"Mbona unasimama?" mama mkwe akaruka. "Hakuna gari! Mwanangu hapa anapita kama mshale!"

"Anasemaje?"

"Anasema ni vizuri kusimama."

Nyundo akabonyeza kitu. Tukaenda. Mita chache mbele, kichwa kikarudi tena katikati ya viti.

"Kwa mwendo huu mgonjwa atafika hai kweli? Ungemwona mwanangu! Mkono mmoja usukani, mwingine simu, na stori ananipigia vilevile."

"Anasemaje?"

"Anapenda madereva wasioenda mbio."

"Ni mama mwenye busara," Nyundo akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kunogewa. Nitawaficha nini? Maisha yangu yote katika nchi hii watu wamenitafsiria wanavyotaka wao, na leo mtafsiri ni mimi.

Tukaingia kwenye mzunguko mkubwa, ule wenye njia nyingi, ambao Mwalimu Taratibu huupitia akiwa amefumba jicho moja. Nimeshika njia yangu, nimekaza usukani, na Nyundo akajaribu kutazama kioo cha upande wake. Shingo ikamkamata. Akaguna kwa maumivu.

"Anakata roho!" mama mkwe akapiga kelele. Nikasikia mfuko unachakuliwa, kifuniko kinafunguliwa, na harufu kali ya dawa ya kuchua ikajaa gari zima. Machozi yakaanza kunitiririka. Kwenye kioo nikaona vidole viwili vya mama mkwe vinatua kwenye shingo ya mtahini wa serikali na kuanza kusugua.

"Nini hiki!" Nyundo akapaza sauti. "Anafanya nini huyu!"

"Anakusalimu!" nikasema, machozi mashavuni, indiketa imewashwa, natafuta njia ya kutokea. "Kwetu, mtu akikuheshimu sana anakuchua shingo!"

Mungu anisamehe. Kwetu hakuna mtu anayemchua mwenzake shingo kwa heshima.

Nikatoka kwenye mzunguko bila kumgusa mtu. Nikasubiri aniambie niegeshe, nishuke, nirudi nyumbani kwa miguu. Nikasubiri tena. Ndani ya gari nasikia vidole tu vinasugua, na mama mkwe anavuma wimbo.

Halafu Nyundo akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie na upande wa kushoto."

Nikamwambia.

"Breki za wanafunzi," Nyundo akasema amefumba macho. "Zimeniharibu shingo. Kata kulia, turudi ofisini."

Nilikata kulia ningali nalia, sasa kwa furaha. Nikaingia uwanja wa ofisi za mtihani. Nyundo akaninyooshea kidole nafasi moja iliyobaki, niingie kinyumenyume. Nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikatazama kioo, na roho ikanitoka.

Gari la pembeni lilikuwa na taa ya nyuma iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Utepe huo niliubandika mimi. Lilikuwa gari letu.

Kapteni yupo hapa. Amejua. Nani kamwambia? Lile pazia? Nikaegesha hivyo hivyo, na sijui nilivyofanya gari likakaa katikati ya mistari bila kosa.

"Njoo ndani, nikupe matokeo," Nyundo akasema, akashuka, akazungusha shingo upande huu na upande ule kama mtu aliyepewa mpya, akaenda zake.

Tukabaki wawili. Mama mkwe akatazama nje.

"Hii ni hospitali?"

Sikuwa na uongo mwingine uliobaki. "Mama, nisamehe. Huyu mama haumwi. Huu ni mtihani wa leseni. Naitaka ile kazi ya gari la mashuka, na mwanao amekataa kunifundisha, na mimi nimemficha. Cherehani sijawahi hata kuigusa."

Mama mkwe akacheka mpaka mwavuli ukaanguka.

"Mgonjwa gani anabonyezabonyeza kioo njia nzima? Nilijua kabla hatujafika kwenye mzunguko."

"Sasa dawa ulimpaka ya nini?"

"Shingo si ilikuwa inamuuma? Hilo halikuhitaji mtihani." Akasogeza mifuko yake nyuma ya miguu, lakini nilishaona. Keki, biskuti, chokoleti. Daktari amemkataza sukari, na Kapteni huwa anakagua hata chai yake. Tukatazamana.

"Wewe hukuniona dukani," akasema. "Mimi sikukuona kwenye usukani."

"Lakini mama, mwanao yuko hapa. Gari lake lile. Amekuja kunifumania."

Akalitazama gari, akakunja uso, akaokota mwavuli. "Basi tuingie wote. Akikufokea, atanikuta mimi."

Sijawahi kumpenda mama mkwe kama dakika ile, na namwandika hapa ili ajue.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa umejaa vijana, ndevu hazijaota, wamekaa kwenye benchi wanatafuna kucha. Katikati yao, kifua kimeingia ndani, shati la harusini limelowa kwapani, amekaa Kapteni. Mkononi ana kitabu cha alama za barabarani, kama kile changu, toleo lile lile.

Aliponiona kitabu kikamdondoka.

"Mume wangu, nitakueleza," nikaanza.

"Mke wangu, nitakueleza," akaanza na yeye.

Kwenye kona, Mwalimu Taratibu aliinuka nusu, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akakaa chini tena.

Karani akatoa kichwa dirishani na kuita jina la mume wangu, lote, mpaka la babu yake. Kapteni akainua mkono polepole.

"Umerudi tena?" karani akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Safari hii ukumbuke kusimama kwenye alama. Zamu yako inafuata."

Wale vijana wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasaga meno.

Leseni ya kwetu inakubalika huku mwaka wa kwanza tu. Mwaka huo ukiisha, unafanya mtihani upya, ukae benchi na watoto. Kila mgeni analijua hilo. Kapteni alituambia alishabadilisha yake zamani. Kumbe alishindwa, akarudi, akashindwa, na kila siku akawa anakaa kwenye usukani na kofia yake, ametupakia sisi. Ndiyo maana hakutaka kunifundisha. Ndiyo maana hakutaka hata nilijue jengo hili liko wapi.

Nilikasirika, jamani. Nilitaka nimvue ile kofia niikanyage. Halafu nikaona jinsi alivyobana magoti katikati ya wale vijana, na kucha zake na yeye kazitafuna, nikamhurumia. Nikachukia kwamba namhurumia.

"Njoo hapa," Nyundo akaniita kwenye meza yake. Alishika tableti, kidole juu ya kioo. "Umeendesha vizuri. Kupokea abiria sijawahi kuona, lakini ulisimama salama. Bado nithibitishe tu." Kisha macho yake yakaenda kwa Kapteni, yakashuka mpaka mkononi mwake. "Huyu ni mumeo?"

"Ndiyo."

"Bwana, hizo ni funguo za gari?"

Kapteni akazitazama kana kwamba amewekewa na mtu. "Za nyumba."

"Umekujaje hapa?"

"Kwa basi."

Nyundo akaacha kidole chake hewani. Sura ikarudi kuwa ile ya asubuhi, nyusi juu. "Anayeendesha bila leseni, gari linachukuliwa na mtihani haufanyi tena kwa miaka. Na anayemficha, leseni yangu haipati. Nasema mapema ili tusilaumiane."

Kila mmoja wetu pale mezani alielewa, isipokuwa mtu mmoja asiyejua lugha ya watu hawa hata neno moja.

Mama mkwe alikuwa ameshakumbatia mwanawe, uso wote unameremeta.

"Kumbe ulijua!" akamwambia. "Na mimi nikadhani umekuja kwa shari! Umekuja kumshangilia mkeo! Mwanangu mwenye moyo!" Akamwacha, akaja mezani, akamshika Nyundo mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa fahari yote ya mama mzazi, kwa lugha yetu, "Huyu ndiye mwanangu! Dereva huyu! Tangu afike nchi hii hajapumzika usukani hata siku moja. Hata leo asubuhi amelileta gari mwenyewe, lile pale nje!"

Na ili mgeni wake asipate shida ya kuelewa, akainua mwavuli, akaunyoosha kupitia dirishani, moja kwa moja mpaka kwenye taa yetu iliyofungwa kwa utepe.

Nyundo akaufuata mwavuli kwa macho. Akalitazama gari. Akanigeukia.

"Mama anasemaje?"

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Kapteni, ndogo, kwa lugha yetu. "Mke wangu, tafadhali. Nakuomba." Tangu anioe nimesikia kutoka kwake amri, ushauri na hotuba. Kuombwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nyundo akamtazama, akanitazama, kidole chake bado kiko juu ya kioo.

"Na huyu naye," akauliza, "anasemaje?"